Lengo ambalo karani anaweza kulikagua mwenyewe

Msimu wa korosho ukishafunguliwa Oktoba, hakuna mtu kwenye chama cha msingi mwenye nafasi ya kusikiliza habari za programu. Magunia yamejaa hadi barazani, mizani haipumziki, na karani anaandika kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu, anaongea na watu wa ghala kuu. Ndiyo maana mazungumzo yote ya maana kuhusu mradi wetu tunayafanya kati ya Februari na Agosti, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo haigusi kabisa msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Tunazungumza malengo: tunataka nini kitokee, tutajuaje kwamba kimetokea, na nani atakayesema ndiyo au bado.

Nieleze kwanza mradi wenyewe. Ni programu huria ya simu kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, hapa Mtwara na Lindi. Karani anaingiza mzigo wa mkulima pale pale kwenye mizani: jina, namba ya mkulima, idadi ya magunia, kilo, daraja. Programu inatoa risiti, inajumlisha kilo za mkulima kwa msimu mzima, na inamsaidia karani kulinganisha kilo alizopokea chamani na kilo zilizopokelewa ghala kuu. Basi. Haiuzi korosho, haishiki fedha, haiingilii minada. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Tunaoufanyia kazi ni watu wachache, kila mmoja na shughuli yake. Mmoja anafundisha sekondari Masasi, mmoja ana duka la vifaa vya simu hapa Mtwara mjini, mmoja anasoma Dar es Salaam, na wapo ambao hatujawahi kuonana nao uso kwa uso. Hakuna mshahara na hakuna bosi.

Na hilo la kukosa bosi ndilo linalonifanya niamini kwamba mradi wa programu huria unahitaji malengo ya kupimika kuliko hata kampuni. Kwenye kampuni lengo likiwa halieleweki, meneja yupo. Unagonga mlango, anakwambia anataka nini. Huku kwetu, mtu anayetaka kusaidia anafungua ukurasa wa mradi saa tano usiku akiwa Nachingwea, watoto wamelala, ana saa moja tu ya kujitolea. Akikuta pameandikwa "tunalenga kurahisisha kazi za ushirika na kumwinua mkulima", saa yake itaishia kwenye kutafakari. Akikuta pameandikwa kwamba kumtafuta mkulima kwa jina kwenye orodha ya watu 3,000 kusizidi sekunde mbili kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, RAM ya GB 2, na kwamba kwa sasa kunachukua sekunde tano, anajua pa kuanzia. Akimaliza, anajua kwamba amemaliza. Hana haja ya kuniamsha aniulize.

Sekunde mbili hizo hazikutungwa mezani. Zilitokana na karani mmoja wa huko Tandahimba, mzee aliyeshika daftari za korosho tangu kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, kuanza Mtwara msimu wa 2007/2008. Tulikaa naye kwenye benchi la ghala nje ya msimu, ghala tupu, harufu ya magunia ya juti bado imo. Baada ya salamu na habari za nyumbani nikamuuliza swali ambalo naona kila anayemtengenezea mwenzake programu angelianza nalo: mzee, siku gani katika msimu inakuchosha kuliko zote?

"Siku ya malipo, mwanangu," akajibu bila kufikiri. "Fedha zikishaingia wanakuja wote. Huyu kilo zake hazijatimia, yule anasema fedha yake imeingia kwa mwenziwe wa jina moja. Na hapa kina Hamisi Saidi ni wengi. Mimi nafungua daftari, nahesabu karatasi, foleni inafika mpaka kwenye mkorosho ule pale. Nikipata kitu cha kumwonyesha mtu kilo zake kabla hajaanza kugomba, mimi sina shida nyingine."

Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Akachukua daftari la msimu uliopita, nikamtajia jina moja, akaanza kutafuta. Daftari lake analijua vizuri sana, lakini majina yameandikwa kwa kufuata siku ya kupokea mzigo. Mkulima aliyeleta korosho mara nne yumo kwenye kurasa nne zilizo mbalimbali, na kila ukurasa lazima upitishwe kidole kuanzia juu hadi chini, kilo ziandikwe kwenye kipande cha karatasi, halafu zijumlishwe. Akajumlisha, akarudia kujumlisha kwa uhakika, akanigeuzia karatasi niione. Dakika sita zilikuwa zimepita, na hapo hapakuwa na mtu anayemfokea.

Dakika sita ndiyo hatua ya kuanzia, na bila hatua ya kuanzia hakuna lengo linalopimika. Ukisema "tutaongeza kasi" bila kujua kasi ya sasa, mwisho wa mwaka utaripoti hisia zako. Kutokana na mazungumzo yale tuliandika sentensi moja ambayo hadi leo ndiyo iliyo juu kabisa kwenye ukurasa wa mradi, kwa Kiswahili kwanza, ili mzee mwenyewe aweze kuisoma: mkulima akitaja jina au namba yake, karani aweze kumwonyesha kilo zake zote za msimu, mzigo kwa mzigo, ndani ya sekunde 30, bila mtandao, na bila kumchanganya na mtu mwenye jina kama lake.

Sekunde 30 ni za binadamu: kuchukua simu, kuandika jina, kuchagua mtu, kumgeuzia skrini. Sekunde mbili nilizotaja mwanzo ni za mashine, na tumezikata kutoka kwenye hizo 30. Napenda sana mpangilio huu. Lengo la juu linamhusu mtumiaji na anaweza kulipima yeye mwenyewe kwa saa ya simu yake. Malengo ya chini yanawahusu waandishi wa msimbo na yanapimwa na kompyuta. La chini halina maana bila la juu. Siku mtu atakapokuja na ujanja wa kupunguza sekunde mbili ziwe nusu sekunde, lakini karani akalazimika kubonyeza mara tatu zaidi, tutamshukuru na kumwambia hapana, na sababu imeandikwa, hatuitungi papo hapo.

Kwenye jambo la majina hatukubali asilimia yoyote. Huwezi kuandika "tupunguze makosa ya kuchanganya wakulima kwa asilimia 80", kwa sababu hiyo 20 iliyobaki ni kilo za mtu, na kilo hizo ni ada ya mtoto. Lengo ni sifuri. Tumetengeneza orodha ya majaribio yenye wakulima 3,000 wa kubuni, na ndani yake tumewaweka kina Hamisi Saidi kumi na wawili: wengine kijiji kimoja, wengine jina la babu ni moja, mmoja ameandikwa "Hamis" bila i ya mwisho, mwingine "Said". Kila badiliko la msimbo linapoletwa, mashine inawaingiza wote, inagawa mizigo, kisha inauliza jumla ya kila mmoja. Hata kilo moja ikiangukia kwa asiyehusika, badiliko linakataliwa papo hapo, awe amelileta nani. Jaribio hilo limewahi kunikatalia kazi yangu mara nyingi tu, na ndilo ninalolijivunia kuliko kitu chochote tulichoandika.

"Bila mtandao" nayo ilibidi ipewe namba. Kila mtengenezaji wa programu husema programu yake inafanya kazi nje ya mtandao. Ukiuliza kwa muda gani, anatazama juu. Sisi wa kusini tunao mfano ulio karibu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukazorota nchi nzima. Kwa hiyo tukaandika siku 14: simu ikae siku 14 bila mtandao, iendelee kupokea mizigo kila siku, na mtandao ukirudi kila mzigo ufike kwenye nakala ya pili ya kumbukumbu, ile iliyo nje ya simu, bila kupotea na bila kujirudia. Kupima ni rahisi. Unazima mtandao, unaweka simu kwenye droo ya karani, anaitumia, baada ya wiki mbili unawasha na kuhesabu.

Hizi si fikra zetu peke yetu. Miradi mikubwa ya programu huria ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Aprili 2014 dunia iligundua Heartbleed, hitilafu ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Hitilafu ilikuwa imekaa ndani ya matoleo yake tangu Machi 2012. Watu walipochungulia waliokuwa nyuma ya mradi huo wakakuta wachache mno, na michango ya hiari iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Fedha zilitafutwa baadaye, na zilihitajika. Lakini mimi kilichonigusa ni waraka wa mipango waliouchapisha mwishoni mwa Juni mwaka huo huo. Waliorodhesha hadharani kasoro za mradi: tiketi, yaani taarifa za matatizo zinazotumwa na watumiaji, zilizolundikana, nyaraka pungufu, msimbo usiokaguliwa na mtu wa pili, kukosa mpango wa matoleo. Kisha wakaweka muda. Tiketi mpya ijibiwe ndani ya siku nne za kazi. Mwongozo wa mtindo wa kuandika msimbo utolewe ndani ya miezi mitatu. Ni ahadi ndogo ndogo, lakini mtu wa nje kabisa angeweza kuhesabu siku na kuona kama zimetimizwa. Hawakuandika "tutarejesha imani ya watumiaji". Imani huwa inarudi yenyewe siku ya nne tiketi inapojibiwa.

Kuhusu tarehe, kuna njia mbili ninazoziheshimu na zinatofautiana kabisa. Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ilichagua kalenda. Tangu toleo la kwanza la Oktoba 2004, hutoka kila Aprili na kila Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wenyewe. Mwaka 2006 toleo la Aprili lilihitaji muda zaidi, wakalisogeza hadi Juni, na likaitwa 6.06, ucheleweshaji ukabaki umeandikwa kwenye jina, kila mtu auone. Debian, ambayo ndiyo chimbuko la Ubuntu, ilichagua ubora: hutoka ikiwa tayari, na sehemu ya kuwa tayari ni hesabu ya hitilafu zinazozuia toleo, hesabu ambayo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama. Moja imefunga tarehe, nyingine imefunga kiwango. Zote mbili zinapimika, na hakuna iliyosema "tutatoa hivi karibuni".

Sisi kalenda yetu imepangwa na mikorosho. Toleo la msimu linatoka Agosti. Septemba makarani wanalizoea kwa mizigo ya majaribio. Kuanzia mnada wa kwanza hadi wa mwisho hatuongezi kitu chochote kipya, tunarekebisha hitilafu tu, na hitilafu inayogusa kilo za mkulima iwe imerekebishwa ndani ya saa 48. Kitu kizuri kikikosa Agosti kinasubiri mwaka mzima. Hili limewaudhi wenzangu kadhaa, hasa vijana ambao kazi yao ilikamilika Oktoba mwanzoni, na nawaelewa. Lakini karani aliyezoea kitufe kilipo hawezi kukitafuta upya huku watu mia wamemzunguka.

Sasa niseme kuhusu vipimo vinavyodanganya, kwa sababu kupima peke yake si wema. Kwenye GitHub, tovuti ambako miradi mingi huweka msimbo wake, kila mradi una nyota za watu walioupenda, na nyota zinaonekana kwa kila mtu. Watu wengi, wakiwemo wafadhili, huzitazama hizo kwanza. Kwangu nyota ni kama bakuli la kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya ushirika: ni kipimo kweli, kinajaa kweli, lakini aliyekuja nacho ndiye anayefaidika nacho, na kilo zako hazijulikani hadi uzipandishe kwenye mizani. Idadi ya waliopakua nayo ni hivyo hivyo. Oktoba 2020 dunia ya programu huria ilipata somo zito. Hacktoberfest, kampeni ya kila mwaka ya kampuni ya DigitalOcean, ilikuwa ikitoa fulana kwa atakayetuma mabadiliko manne kwenye miradi ya wazi. Mwaka huo miradi ikafurikwa na mabadiliko yasiyo na maana, mtu anaongeza neno moja kwenye ukurasa wa maelezo anapita zake, na wasimamizi wakabaki wanafuta takataka usiku kucha. Siku chache tu baada ya kuanza, waandaaji walilazimika kubadili kanuni ili zihesabiwe kazi za miradi iliyokubali kushiriki tu. Nia ilikuwa njema. Kilichohesabiwa kilikuwa idadi, na watu wakaleta idadi.

Tafsiri ni mahali pengine penye mtego huo. Kiswahili kimeingia kwenye programu huria zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Tafsiri huwa inapendwa na wapenda takwimu kwa sababu asilimia yake hujihesabu yenyewe. Lakini programu iliyotafsiriwa asilimia 95 inaweza kuwa haifai kabisa, ikiwa ile tano iliyobaki ni maneno ya onyo, yale yanayotokea mambo yakiharibika na karani anahitaji kuelewa upesi. Kwa hiyo hatuna lengo la asilimia. Tuna lengo la skrini: skrini ya kupokea mzigo, ya kumtafuta mkulima, na ya maonyo, ziwe Kiswahili kitupu tena kile kinachosemwa ghalani. Mtu akisoma "hitilafu ya usawazishaji" anaogopa. Akisoma "mizigo 12 bado haijafika kwenye nakala ya pili", anajua la kufanya.

Kitu kimoja kinachosahaulika sana ni kuandika yale ambayo hamtayafanya. Kila baada ya muda mfupi anakuja mtu na wazo zuri: ongezeni malipo ya simu, ongezeni ramani za mashamba, ongezeni ugawaji wa salfa na pembejeo nyingine. Kila moja lina manufaa. Kila moja pia lingetuchukulia mwaka na kutuweka kwenye mambo ya fedha za watu au kazi za taasisi nyingine. Orodha yetu ya tusiyoyafanya iko chini kidogo ya malengo, kila jambo na sababu yake ya mistari miwili. Inatuwezesha kumwambia mtu hapana bila kumvunja moyo, na zaidi ya mmoja ameamua kuchukua msimbo wetu na kufanya wazo lake pembeni, jambo ambalo leseni inamruhusu na sisi tunalifurahia.

Na malengo yasiyotimia tunayaacha pale pale ukurasani. Kwa sasa lipo la risiti: tumesema risiti kumi zikichapishwa kwa zile printa ndogo za bluetooth, tisa zitoke mara ya kwanza bila kurudia. Tuko kwenye saba. Imeandikwa saba. Kijana mmoja tusiyemjua aliiona saba hiyo, akaandika kwamba anayo printa ya aina ile ile na anadhani anajua tatizo liko wapi. Asingejitokeza kama tungeandika "uchapishaji unaendelea kuboreshwa".

Lipo jambo moja kubwa ambalo mpaka sasa nimekataa kuliwekea namba, ingawa wenzangu wananisukuma. Ni unyaufu. Korosho zikipimwa chamani zina kilo kadhaa, zikifika ghala kuu zina pungufu, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa maneno mengi zaidi kati ya wakulima na viongozi wa ushirika. Sehemu yake ni ya asili kabisa, korosho inakauka na maji yanaondoka. Sehemu nyingine inaweza kuwa mizani, au safari, au mkono wa mtu. Kuna pendekezo tuandike: "tofauti ya kilo kati ya chama na ghala kuu isizidi asilimia moja". Linasikika vizuri, linapimika, mfadhili angelipenda.

Lakini fikiria karani anayejua kwamba chama chake kitapimwa kwa asilimia hiyo. Njia rahisi kuliko zote ya kuifikia ni kumwandikia mkulima kilo pungufu tangu mwanzo. Mizani inasoma 81, yeye anaandika 80, na tofauti ya ghala kuu inapungua vizuri kabisa kwenye takwimu. Lengo limetimia, mkulima ameibiwa, na programu yetu ndiyo iliyomfundisha karani kufanya hivyo. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliliona jambo la namna hii mwaka 1975 akiandika kuhusu sera za fedha: kipimo kikishafanywa shabaha, kinaanza kupoteza ukweli wake. Kwake zilikuwa takwimu za benki. Kwetu ni gunia la bibi aliyetembea nalo kichwani.

Kwa hiyo msimu huu kwenye unyaufu tunapima tu. Programu itarekodi kilo za chamani, kilo za ghala kuu, siku zilizopita katikati, na unyevu pale ulipopimwa, na hakuna atakayesifiwa wala kulaumiwa kwa namba hizo. Vyama vitatu vimekubali kushiriki, viwili Mtwara na kimoja Lindi, na katika kila kimoja mkulima atapewa risiti yenye kilo kama mizani ilivyosoma, mbele ya macho yake. Mnada wa mwisho ukipita tutakaa na makarani, tutazame tofauti inavyokwenda kwa siku na kwa unyevu, ndipo tujue ipi ni ya maji na ipi haielezeki. Namba tutaiandika Februari, na makarani hao watatu ndio watakaoisoma kwanza kabla haijaingia ukurasani.